Kuku wa Leza kwenye Sufuria za Matanga

Mashine ya leza ninayofanyia kazi ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Mtu akisikia leza anafikiria kitu cha hospitali kubwa, halafu anaingia kwangu anakuta fremu ya miguu minne juu ya meza, na kichwa kidogo kinachotembea huku na huku kikitoa mwanga wa buluu usiofaa kuangaliwa bila miwani. Ndiyo hiyo. Naiweka Kianda, hapa Kibera, kwenye chumba cha mabati kando ya kinyozi, na nimeshazoea watu kuitazama kisha wakanitazama mimi kwa huruma. Mwanzoni nilichoma mbao tu: vishikio vya funguo, vibao vya mlangoni, misalaba ya watu wa kanisa. Mbao haina matata. Matata yalianza watu walipoanza kuniletea chuma.

Leza ndogo kama yangu haiwezi chuma kitupu. Mwanga ukifika pale unarudishwa, chuma kinabaki kinang'aa vilevile, na wewe unabaki umekaa na mteja anayekukodolea macho. Ujanja wake ni kupuliza. Kuna dawa maalumu ya kazi hiyo, inatoka ng'ambo na si ya watu wa saizi yetu, kwa hiyo sisi wadogo tunatumia ile ya mkebe wanayopuliza mafundi kwenye minyororo na bawaba, ya kijivu iliyokolea, inayokauka ikawa kama vumbi la penseli. Unasafisha chuma kwa spiriti, unapuliza kidogo sana, unaacha ikauke, kisha leza inapita juu yake polepole na kuichoma mpaka ishikane na chuma. Ukimaliza unaosha kwa maji. Dawa ambayo haikuguswa na mwanga inaondoka, ile iliyochomwa inabaki, nyeusi tititi. Kwenye stenlesi, ile ya sahani na vikombe visivyoshika kutu, alama hiyo haitoki. Nimeikwaruza kwa msumari nikachoka mimi.

Lakini sufuria si stenlesi. Sufuria ni alumini, na alumini ina tabia zake. Ningeweza kuishia hapo, maana balaa yote imo ndani ya maneno hayo machache, ila kwa mama yangu mambo hayakuwa mafupi hivyo.

Mama alikuwa mtunza vyombo wa kikundi cha kina mama wa kutoka kwetu, Magharibi, wengi wao wakazi wa Gatwekera. Kikundi kilikuwa na sufuria kubwa za kupikia watu wengi, sahani, miiko, mabeseni na thamosi, na vyote hivyo vililala kwetu, kwenye chumba kimoja, nyuma ya pazia. Mimi na dada yangu tulikulia miguuni pa sufuria. Panya wakipita juu yake zililia, na sisi tukageuka upande wa pili tukaendelea kulala. Mtu wetu akifa, kabla hata ya kuulizwa jeneza, mtu alitumwa kwa Mama Vyombo, kwa maana waombolezaji wakija lazima wanywe chai na wale kitu. Hilo ndilo lililokuwa jina lake, Mama Vyombo. Nadhani kuna watu waliomfahamu muda wote huo na hawakujua kama ana jina jingine.

Cheo hicho alikipenda waziwazi. Baba alipofariki, sufuria hizo ndizo zilizopikia watu wetu, na mama anasema katika siku zile kitu cha pekee alichokumbuka ni sauti ya mwiko ukigonga sufuria nje, iliyomwambia kwamba kuna watu na hawataondoka. Baadaye walipompa kuzitunza alilia. Alituambia sisi watoto wake, tena mara nyingi, kwamba atazishika mpaka siku ya kurudishwa nyumbani ndani ya sanduku, na siku hiyo zimpikie na yeye. Sikuwahi kumsikia akiomba kitu kingine katika mji huu.

Mimi nilikuwa namwaibisha. Chuo cha umeme nilikiacha katikati, vibarua sikudumu navyo, kila bosi nilimwona mjinga na nikamwambia. Kina mama wa kikundi walimuuliza, "Na huyu kijana wako siku hizi anafanya nini?" naye akajibu, "Anafanya kompyuta." Wakanyamaza kwa adabu. Niliponunua mashine kutoka kwa jamaa mmoja aliyekuwa anahama, kina mama wakasema sasa kijana wa Mama Vyombo anacheza na taa. Hilo mama alilisikia, na aliporudi nyumbani hakuniambia, ila dada yangu aliniambia.

Basi siku moja akaja Kianda kwa miguu, sufuria kubwa kichwani, na nyingine mbili zimebebwa na kijana wa mkokoteni.

"Hizi niwekee alama ya kikundi," akasema. "Zile herufi zetu. Na kuku."

"Kuku wa nini, Mama?"

"Wewe ni mtoto wa wapi, uniulize kuku wa nini?"

Kinyozi alicheka mpaka akaacha mteja nusu kichwa. Watu wa kwetu na kupenda kuku, utani huo hauna siku ya kuisha hapa Nairobi, na mama aliamua kuubeba mbele kabla watu wengine hawajautumia. Mpaka wakati huo kikundi kilitia alama sufuria zake kwa rangi ya kucha, nyekundu, ambayo ilichomeka na moto kila mara na kupakwa upya. Vikundi vingine vilitoboa vidoti kwa msumari na nyundo chini ya ukingo. Mama hakutaka misumari. Alisema sufuria yenye vidoti inaonekana kama ina tetekuwanga.

Nilimwambia ukweli. Nilimwambia, "Mama, hii dawa inashika stenlesi. Hii yenu ni alumini, sijui kama itashika."

"Hujui, ama hutaki?"

"Sijui."

"Basi jaribu."

Kazi yenyewe ilinipa jasho. Sufuria haiingii chini ya mashine, kwa hiyo nilipandisha mashine juu ya matofali, nikailaza sufuria ubavu ndani ya tairi bovu isibingirike. Halafu sufuria ni duara na leza inapenda kitu bapa, hivyo ilibidi alama iwe ndogo, upana wa vidole vichache, la sivyo herufi za pembeni zinafifia. Nilisafisha kwa spiriti, nikapuliza, nikawasha. Stima ikapotea katikati ya sufuria ya pili na kuku wake akabaki hana miguu. Nilijaribu kumwongezea baadaye na miguu ikakaa mahali pengine. Mama alimpenda huyo kuliko wote. Nilipoosha, alama zikabaki, nyeusi, nzuri, herufi zimesimama na kuku chini yake ameinua mkia. Nilisugua kwa kidole gumba. Nilisugua kwa kitambaa chenye sabuni. Hazikutoka.

Kidole gumba na kitambaa! Mimi ni mwanamume, sijawahi kusugua sufuria hata siku moja tangu nizaliwe, na nilipima kazi yangu kama mwanamume. Sikujua sufuria za wanawake wa kwetu zinapitia nini. Chombo kikitoka kwenye moto wa kuni kimekuwa cheusi mpaka masikioni, wanakaa nje juu ya vibao, waya wa kusugulia mkononi, majivu au mchanga pembeni, wanasugua mpaka ukijiangalia ndani unaona meno. Binti anayeolewa anaangaliwa sufuria kabla hajaangaliwa uso. Na chombo cha kuazima ndicho husuguliwa zaidi, kwa sababu kinarudi kwa mwenyewe na heshima yako. Ukirudisha sufuria ya kikundi ina doa, hutaambiwa neno, lakini msiba wako ukifika utaona uji umepungua.

Sufuria zile tatu zilitoka nje kwa mara ya kwanza kwenye matanga ya mzee mmoja Kambi Muru. Mimi sikuwapo, ila nilisimuliwa. Watu walisimama na vikombe vyao wakiangalia kuku. Waliuliza nani ameandika hivi, na mama, mwiko mkononi, machozi ya moshi yanamtoka, akasema, "Ni kijana wangu. Ako Kianda, hapo kwa kinyozi." Alisema hivyo kwa kila aliyeuliza na kwa wengine ambao hawakuuliza. Wiki hiyohiyo akaja mama wa kikundi kingine na sahani za stenlesi. Akaja mwalimu wa shule ya jirani na thamosi za ofisini kwao. Ikaja kwaya na vikombe. Wateja waliingia wakisema, "Ni wewe ule wa kuku?" na mimi, niliyekuwa nikijiita mbunifu, nikakubali kuwa wa kuku. Kazi hizo zote zilikuwa za stenlesi na hadi leo ziko sawa.

Katikati ya shughuli hizo mama akaniletea sufuria moja kati ya zile, haina alama.

"Hii ulisahau," akasema.

"Sikusahau. Nilifanya zote tatu."

"Ulisahau, baba. Fanya tu."

Nilibishana naye, nikamwambia mimi najua kazi yangu, na kama kuna kitu kinaniudhi ni kuambiwa nimesahau wakati sikusahau. Nikaiandika upya huku nikinung'unika, naye akasimama mlangoni akitazama njia. Aliibeba akaenda, na akaendelea kuniletea nyingine, moja moja, mpaka sufuria zote za kikundi zikawa na kuku.

Tangu hapo sufuria zikaanza kubadilika. Mimi niliona, kila mtu aliona. Mama, ambaye sufuria zake zilikuwa zikining'inia nje Gatwekera na kumulika mabati ya jirani, sasa alikuwa anaacha doa. Chini alisugua, pande alisugua, lakini pale juu penye alama na kuizunguka palibaki rangi ya moshi na mafuta, na kila matanga palizidi kukolea, kuelekea hudhurungi. Alipaosha kwa kitambaa laini, polepole, kama mtu anayemnawisha mtoto mwenye kidonda. Sufuria inang'aa, ina kiraka kichafu usoni. Zote hivyo.

Halafu akaanza jambo lililowashangaza wenzake zaidi. Alikataza watu wasisugue. Aliyeazima akitaka kurudisha aliambiwa, "Leta tu hivyo hivyo, nitaosha mwenyewe." Mtu anakuja na sufuria nyeusi za matanga ya baba yake, anaona haya njia nzima, anaziacha mlangoni kama mtu anayekimbia deni. Mama alikaa nje na sufuria za watu, mgongo umepinda, akiosha peke yake vyombo ambavyo zamani vililetwa vikiwa visafi. Mikono yake ilipasuka. Dada yangu, aliyekuwa ameolewa Kitui na aliyekuja kwa nadra, alimwuliza mbona anajitesa, akaambiwa watu wa siku hizi wanaharibu vyombo.

Kina mama walikasirika, na kwa haki. Kumwambia mwanamke asisugue sufuria aliyoiazima ni kumwambia hajui kusugua. Mmoja wao, jirani yetu tangu nikiwa mdogo, alinisimamisha njiani kwenye reli. "Kijana, angalia mama yako," akasema. "Macho yameanza kumwisha ama ni nini?" Nikasema nitaangalia. Nami nilikubaliana naye kabisa. Niliona mama amezeeka, haoni uchafu, na amekuwa mkaidi juu ya hayo. Nikaona haya, maana sasa nilikuwa mtu mwenye wateja, na wateja wangu ndio hao waliokuwa wakila kwenye sufuria hizo.

Nilifanya kitu ambacho nikikifikiria nataka ardhi inimeze. Nilipita dukani nikamnunulia waya wa kusugulia, mwingi, mpya, kwenye pakiti yake, nikampelekea kama zawadi. Nilifikiri nimekuwa mwerevu, nimesema bila kusema. Aliupokea kwa mikono miwili. "Asante, baba," akasema, akaupachika kwenye msumari ukutani bila kuufungua. Akanipikia chai. Tulizungumza juu ya wateja wangu, kama kawaida. Siku hizo hakupenda kuzungumza habari nyingine. Nani amekuja, ametoka wapi, aliona wapi kazi yangu. Nikimwambia ameiona kwenye matanga anafurahi, anapiga paja.

Wateja walikuja hata kutoka mtaa wa Kawangware. Watu wetu ni wengi huko, na sufuria za mama zilikuwa zimefika huko kwa ajili ya mazishi ya watu wa ukoo. Kazi zikawa nyingi, nikaweka meza ya pili Kawangware, karibu na soko, ya kupokea kazi tu, na mashine nikaiacha Kianda. Nikawa natembea na begi la vikombe vya watu nikijiona mfanyabiashara.

Huko Kawangware ndiko mambo yalikoharibika. Alifariki mtu mzito wa kwetu, vikundi vikaitwa vyote, na mama akaenda na sufuria zake, mimi nikazisindikiza kwenye pikapu kwa sababu mgongo wake ulikuwa haumwachii kubeba. Ilikuwa asubuhi, jua limetoka, ua umejaa. Kina mama wa pale walikuwa wameshawasha mafiga. Mmoja wao, mnene, mcheshi, aliyekuwa akiongoza jikoni, alichukua sufuria yetu kubwa akaigeuza kwenye mwanga.

"Mathe, hizi kweli zimeoshwa?" akauliza. Hakuuliza kwa ubaya.

"Zimeoshwa," mama akasema.

"Hapa je?" Akaweka kidole kwenye kiraka. "Ngoja, leteni ile steelwool, nitatoa hii saa hii tu."

Akaletewa waya wa kusugulia. Alikaa chini, sufuria mapajani, akaweka majivu, na kabla mkono wake haujafika mama akamnyang'anya. Namaanisha alimnyang'anya, kwa nguvu, sufuria ikagonga jiwe na ua mzima ukageuka.

"Wacha!" mama akapaza sauti. "Hiyo haisuguliwi! Kama hamtaki pikeni na zenu!"

Sijawahi kumsikia akisema hivyo na mtu yeyote, sembuse kwenye msiba. Yule mama aliinuka, akakung'uta leso yake. "Pole, mama," akasema, na akaenda kwenye mafiga mengine. Hakuna aliyecheka. Nilimshika mama mkono nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, unafanya nini? Watu wanaangalia." Akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa, kama mtu anayetaka kusema neno akakuta mdomo umejaa. Kisha akaketi juu ya sufuria yake iliyopinduliwa na akakaa hapo mpaka wali ulipoiva kwenye sufuria za watu wengine. Sufuria zetu zilirudi Kibera bila kutumika. Nilikasirika njia nzima na sikumsemesha.

Maneno yalianza wiki hiyo. Si maneno ya uchafu tena. Mwanamke anayepikia watu msibani, na hataki sufuria zake zisuguliwe na mtu mwingine, na anapaacha mahali pamoja pasiguswe kamwe: watu wakaanza kuulizana kuna nini pale. Wengine wakasema kuna dawa ya mganga imepakwa. Niliambiwa na kinyozi, ambaye kila neno la Kibera hupitia kwake, na aliniambia huku anaangalia chini. Nilicheka, halafu nikashika kichwa. Mama yangu, wa kanisa, wa kikundi, aliyefuta machozi ya nusu ya Gatwekera, sasa anasemwa ana dawa kwenye chakula cha wafiwa.

Mwenyekiti wa kikundi alikuja nyumbani mwenyewe, na kwa hilo namshukuru. Alikuja mchana na wawili wengine, wakanywa chai, wakaomba, wakamwambia, "Dada, umetumika sana. Tumeona upumzike." Mama alisema sawa. Hakubisha hata kidogo. Aliomba jambo moja tu, kwamba atakayezichukua aoshe pale juu kwa kitambaa, wakasema wamesikia. Nilikuwepo, nimekaa kitandani. Nilifikiri: ni afadhali. Nilifikiri, angalau itaisha. Sufuria zilitolewa moja moja na kina mama, waliozibeba kichwani, na chumba kikawa kikubwa ghafla, tukaona ukuta ambao sikuwahi kuuona.

Hakukaa mjini baada ya hapo. Alisema mgongo. Alisema nyumbani kuna shamba. Nilimpeleka kwenye basi, nikamnunulia soda na mkate, nikamwambia nitakuja Krismasi. Nilikuwa na kazi ya sahani nyingi iliyokuwa ikinisubiri na nikaondoka kabla basi halijang'oa nanga.

Ikapita miezi. Kukawa na msiba hapa Kianda, nyumba chache kutoka kwa kinyozi, na nikapita kutoa pole. Sufuria za kikundi zilikuwa kwenye mafiga, na nyingine zimepinduliwa kwenye majani, zinang'aa mpaka zinaumiza macho. Nilizizunguka. Hazikuwa na kitu. Hakuna herufi, hakuna kuku, hata yule ambaye miguu yake ilikaa mahali pengine. Chini ya ukingo zilikuwa na rangi nyekundu ya kucha, mpya.

Mtunza vyombo mpya ni yule jirani yetu wa kwenye reli. Nikamwuliza, "Alama zangu ziko wapi?"

"Aii, kijana, zilitoka," akasema, na akaonekana kunionea huruma. "Siku ya kwanza tu nimesugua. Hata sikuweka nguvu. Nikadhani unajua."

Nilisimama pale nimeshika kikombe cha chai cha watu. Nikaikumbuka ile sufuria niliyoambiwa nimeisahau. Hakuna sufuria niliyoisahau. Aliisugua kama alivyozisugua zote maisha yake, akaona kazi ya mwanawe inaondoka na majivu, akaileta Kianda na kulificha kosa langu kwa jina la usahaulifu. Na kuanzia hapo hakusugua tena pale, wala hakumwachia mtu. Mikono yake, mgongo wake, kiraka, Kawangware, dawa. Yote hayo alinyamaza nayo, na waya niliompelekea akautundika ukutani na akasema asante.

Nilitoka nikampigia simu palepale, kando ya mtaro, na nilikuwa nimekasirika. Ndivyo nilivyo, nikiumia nakasirika.

"Mama, mbona hukuniambia zinatoka?"

Kulikuwa na kuku wengi nyuma yake, wa kweli. Alijua ninasema nini.

"Ningekuambiaje? Ulikuwa ndio unaanza."

"Ungeniambia ningetafuta njia nyingine! Ningefanya kibao cha stenlesi, nakiandika, nakipigilia kwa misumari ya ribiti hapo kwa mkono wa sufuria. Kazi rahisi! Zingesuguliwa mpaka ziishe na alama iko."

"Hiyo sikuijua, baba. Mimi niliona tu ikitoka, watu watasema kazi yako inatoka na maji. Na walikuwa ndio wameanza kuja."

Nililia. Nilikuwa nimesimama mahali watu wanapita, mtu mzima mwenye ndevu, na nikalia. Nikamwambia nitakwenda kwa mwenyekiti leo hii nimweleze yote, aambie kikundi, watu wajue hakukuwa na dawa wala uzee. Nikamwambia nitatengeneza vibao vya sufuria zote bila malipo, na yeye arudi, chumba kipo, watamrudishia vyombo vyake. Nilisema haraka haraka asipate nafasi ya kukataa.

"Usiende," akasema. "Utawaambia nini? Kwamba sufuria zilikuwa chafu kwa sababu yako? Wataacha kuleta kazi."

"Wacha waache!"

"Hapana."

Sauti yake haikuwa ya hasira wala ya huzuni. Ilikuwa ile ya kusema sufuria fulani imeshaazimwa, nenda kaulize kwingine. Nilijua sitaishinda, na nilijua pia kwamba siku yake ikifika, sanduku litatoka hapo nyumbani kwenda pale shambani tu, na sufuria za Gatwekera hazitakuwa na sababu ya kwenda huko kumpikia. Sikuthubutu kulisema. Nadhani naye alikuwa analifikiria, huku salio likienda.

Kisha akakohoa, akauliza, "Hao wa Kawangware bado wanakuja?"

Nikamwambia wanakuja, Mama.

"Basi," akasema.